Leseni ipo ukutani, barabara imekuwa korongo: Mzazi wa Masasi na Newala agonge mlango upi?

Korosho zikianza kupelekwa ghalani mwezi Oktoba, hesabu za nyumbani nazo huanza. Kuna deni la salfa, kuna sare na madaftari ya Januari, kuna bati mbili tatu za kumalizia chumba cha vijana. Na kwa familia nyingi za Masasi na Newala, kuna hesabu ya mtaji. Baba anataka kufungua duka la vifaa vya pikipiki. Mama ameona fremu karibu na stendi, anafikiria mgahawa. Binti aliyemaliza kidato cha nne anaomba mashine mbili za saluni.

Kisha mvua inaingia. Kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua, nao ukianza mwisho wa mwaka hauna mzaha. Udongo wa Uwanda wa Makonde ni mchanga, na maji yakipata mteremko hayaulizi njia. Barabara ya mtaa iliyokuwa tambarare mwezi Septemba, ikifika Februari ina korongo katikati. Bodaboda anakataa kuingia, au anaingia kwa nauli mara mbili. Mtoto wa darasa la pili anavuka maji akiwa ameshika viatu mkononi. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku, watu wanambeba mpaka barabara kubwa.

Hapo ndipo swali husikika kwenye kila kibaraza: tunalipa leseni, tunalipa ushuru, mbona barabara yetu haitengenezwi?

Swali hilo ni la haki. Lakini jibu lake lina jambo ambalo wananchi wengi hawajawahi kuelezwa vizuri: ofisi inayokupa leseni ya biashara siyo inayotengeneza barabara ya mtaa wako. Familia isiyolijua hilo hupata hasara mara mbili. Kwanza, malalamiko yake yanapelekwa mlango usio wenyewe na kufia hapo. Pili, na hii ndiyo hasara nzito, fedha ya korosho ya mwaka mzima inaweza kuwekwa kwenye kibanda ambacho greda likija litakiondoa.

Makala haya yanakupitisha mlango kwa mlango.

Barabara ya mlangoni kwako ni ya nani?

Kabla ya kulalamika, jua mwenyewe ni nani. Barabara kuu na barabara za mikoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Mfano ni lami ya kutoka Mingoyo kuja Masasi kupitia Ndanda. Mfano mwingine ni barabara ya Mtwara kwenda Masasi kupitia Tandahimba na Newala, yenye urefu wa kilomita 210. Hiyo ndiyo barabara ya korosho ya uwandani, na ndiyo iliyosubiriwa lami kwa miaka mingi. Kilomita 50 za kwanza, Mtwara hadi Mnivata, zilitangulia kuwekewa lami. Kilomita 160 zilizobaki ziligawanywa sehemu mbili, Mnivata hadi Mitesa na Mitesa hadi Masasi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Barabara za wilaya, za kuunganisha vijiji na za mitaani ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Wakala huu ulianza kazi Julai 2017, nao uko chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Kabla ya hapo, barabara hizo zilikuwa mikononi mwa halmashauri zenyewe, kupitia idara ya ujenzi. Ndiyo maana wazee wengi mpaka leo wakiona shimo wanasema "halmashauri imelala". Walizoea hivyo, na miaka ile walikuwa sahihi.

Leo TARURA inasimamia zaidi ya kilomita 144,000 za barabara nchi nzima. Kila wilaya ina meneja wake. Huyo ndiye mwenye mpango wa greda, kalavati na changarawe kwa mtaa wako.

Halmashauri, iwe ya mji au ya wilaya, imebaki na mengine: leseni za biashara, vibali vya ujenzi, masoko, stendi, usafi na takataka, zahanati na shule. Hapa kwetu kuna jambo la kuchanganya kidogo, kwa sababu Masasi ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, na Newala vivyo hivyo. Anayeishi kwenye mtaa wa mjini na anayeishi kijiji cha jirani wanaweza kuwa na madiwani wa mabaraza tofauti na maofisa biashara tofauti. Ukiwa huna uhakika, muulize mtendaji wa mtaa au kijiji chako uko upande gani.

Kuna aina ya tatu ya njia, nayo ndiyo yenye kilio kikubwa: ile iliyozaliwa tu. Watu walijenga, wakaacha upenyo, upenyo ukawa njia ya gari. Njia kama hiyo isipoingizwa kwenye orodha ya barabara za TARURA, ni vigumu kupangiwa fedha. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza siyo "mtatengeneza lini?" bali "barabara yetu imo kwenye orodha?" Kama haimo, kazi yenu ya mwaka huu ni kuomba iingizwe, na ombi hilo huanzia kwenye mkutano wa mtaa au wa kijiji.

Fedha ya greda inatoka wapi?

Wengi tunadhani ada ya leseni tuliyolipa ndiyo itakayorudi mlangoni kama changarawe. Sivyo. Sehemu kubwa ya fedha za matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, na mfuko huo hujazwa na tozo ya mafuta. Kwa mgawanyo uliozoeleka miaka mingi, asilimia 70 ya fedha za mfuko zilikwenda TANROADS na asilimia 30 TARURA. Malalamiko kwamba barabara za vijijini na mitaani zinapata kidogo yalisikika bungeni mara nyingi, na kwenye bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali iliongeza Sh100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo.

Tuliweke nyumbani hilo. Kijana wako mwenye bodaboda akijaza lita 3 kwa siku, Sh300 za siku hiyo ni za barabara za TARURA. Akifanya kazi siku 26, amechangia Sh7,800 kwa mwezi. Nawe unayepanda unachangia kupitia nauli, hata kama hujawahi kushika risiti ya kituo cha mafuta. Usisite basi kwenda ofisi ya TARURA kuuliza. Huendi kuomba msaada, unaulizia fedha uliyochangia.

Halmashauri nayo inaweza kuongeza fedha ya barabara kutoka mapato yake ya ndani. Lakini huo ni uamuzi wa Baraza la Madiwani, na diwani huupigania anaposukumwa na watu wake.

Omba kwa lugha ya mpango

Ombi la "tunaomba mtutengenezee barabara" ni pana mno, na ofisi inalipokea kila siku. TARURA hupanga kazi kwa mafungu, na ukiyajua mafungu hayo ombi lako linakuwa rahisi kujibiwa.

Yapo matengenezo ya kawaida: kusawazisha kwa greda, kufyeka, kuzibua mifereji na makalavati. Yapo matengenezo ya sehemu korofi, yaani kile kipande kifupi kinachokwamisha barabara nzima, kwa mfano mteremko wa mita hamsini unaoteleza kila mvua. Yapo matengenezo ya muda maalumu, ambapo barabara ndefu hurudishiwa changarawe baada ya miaka kadhaa. Na ipo kazi ya madaraja na makalavati, pamoja na ya dharura pale mvua inapokata mawasiliano kabisa.

Mara nyingi mtaa unaolilia lami miaka kumi unahitaji kalavati moja na mfereji wa pembeni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye mchanga wetu ufa huo hupanuka kwa msimu mmoja tu.

Ombi zuri linatosha ukurasa mmoja. Taja jina la barabara, inaanzia wapi na kuishia wapi. Eleza kipande kibovu kiko mbele ya nini. Sema nani anaumia: watoto wa shule fulani, wagonjwa wa zahanati, wakulima wanaopeleka korosho kwenye ghala la AMCOS. Ambatisha picha mbili za simu, moja ya kiangazi na moja ya masika. Lipitishe kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, aligonge muhuri. Kutoka hapo linakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Nakala moja ipeleke mwenyewe kwa meneja wa TARURA, na yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa itunze kabatini pamoja na vyeti vya watoto.

Kibanda kwenye njia ya greda

Sasa tuje kwenye hasara ile nzito. Barabara ikianza kujengwa, biashara huifuata. Mafundi wanahitaji kula, magari yanasimama, na kila mwenye macho anaona fursa. Mama anaweka kibanda cha chai, kijana anaweka banda la kuuza vocha na soda, baba anamwaga msingi wa fremu tatu "zitazame lami".

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga hifadhi kando ya barabara kuu na za mikoa: mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya sheria hiyo kipimo kilikuwa mita 22.5. Zile mita 7.5 zilizoongezeka ndizo chanzo cha rangi mbili za alama ya X mnazoziona kwenye kuta. X nyekundu ina maana jengo liko ndani ya hifadhi ya zamani, mwenye nalo aliingilia, na halina fidia. X ya kijani ina maana jengo lilikuwepo kihalali kabla eneo halijaongezwa, na mwenyewe ana haki ya kulipwa eneo likihitajika. Aliyejenga ndani ya mita hizo baada ya sheria kuanza asitegemee kijani.

Mita 30 si chache. Hatua ya mtu mzima ni karibu robo tatu ya mita hadi mita moja, kwa hiyo simama katikati ya barabara ya Masasi hadi Newala pasipo na gari, kisha tembea pembeni hatua 40. Hapo ndipo uanze kufikiria msingi, na hata hapo utafute kipimo cha wataalamu kabla ya kununua tofali. Barabara za mitaani za TARURA hazina kipimo kimoja. Upana wake hutegemea ramani ya mipango miji ya eneo. Muulize ofisa mipango miji wa halmashauri, na ukatazame ramani kwa macho yako.

Na hapa pana mtego unaowanasa wengi: kuwa na leseni hakukulindi. Leseni ya biashara inakuruhusu kufanya biashara fulani mahali fulani. Haikupi ardhi, wala haigeuzi hifadhi ya barabara kuwa kiwanja chako. Risiti ya ushuru wa kila siku nayo haifanyi hivyo. Unaweza kuwa umelipa kila kitu miaka mitatu mfululizo, na siku mfereji unapochimbwa ukaambiwa uhame, na usiwe na pa kudai.

Anayekodi fremu yuko kwenye hatari hiyohiyo, tena bila kujua. Mwenye nyumba anapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, anatia mfukoni. X ikichorwa, yeye amepoteza ukuta, wewe umepoteza kodi, rafu, kaunta na wateja. Kabla hujalipa, mwombe mwenye fremu akuonyeshe hati au barua ya umiliki na kibali cha ujenzi. Akinuna, umeokoa fedha yako.

Leseni: hatua kwa hatua

Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972. Inagawa biashara makundi mawili. Kundi A ni biashara zenye sura ya kitaifa au kimataifa, na leseni zake hutolewa na BRELA. Kundi B ndilo letu wengi: duka la rejareja, mgahawa, saluni, vipuri, vifaa vya ujenzi. Leseni za kundi hili hutolewa na halmashauri kupitia ofisa biashara.

Anza na namba ya mlipakodi, TIN, kutoka TRA. Haiuzwi, hutolewa bure. TRA watakukadiria kodi kulingana na mauzo unayotarajia na kukupa hati ya uthibitisho wa kodi. Usikuze mauzo kwa kujionyesha, wala usiyafiche, kwani makadirio hayo utaishi nayo. Utahitaji pia kitambulisho cha Taifa na mkataba wa pango au uthibitisho wa umiliki wa mahali pa biashara. Ukitaka kutumia jina la biashara ambalo si jina lako mwenyewe, lisajili BRELA kwanza. Biashara za chakula na dawa zina vibali vyake vya ziada. Mwenye mgahawa, kwa mfano, ajiandae kukaguliwa na ofisa afya, na wapishi wake wapimwe.

Maombi sasa yanafanyika kwa simu au kompyuta kupitia mfumo wa TAMISEMI uitwao TAUSI. Unajisajili, unajaza taarifa, unaambatisha nyaraka, na mfumo unakupa namba ya malipo ya Serikali, ile ya tarakimu 12 tuliyozoea kuiita kontroli namba. Asiye na simu kubwa, au ambaye mtandao umemgomea, aende kwa ofisa biashara asaidiwe. Hakuna sababu ya kumlipa kishoka.

Hilo la malipo lishike vizuri. Ada ya leseni hailipwi mkononi. Hulipwa benki au kwa simu, kwa kutumia namba ya malipo, na jina linalojitokeza kabla hujathibitisha liwe la halmashauri yako. Ushuru wa soko nao hukusanywa kwa mashine, ile posi, na mashine hutoa risiti. Mtu akikuandikia kikaratasi cha mkono, au akikwambia "toa nusu tumalizane", fedha hiyo haitafika halmashauri. Kesho atakuja mwingine na mashine, na wewe huna cha kumwonyesha.

Leseni hudumu mwaka mmoja tangu ilipotolewa. Kila mahali pa biashara pana leseni yake, na kila aina ya biashara ina yake. Duka moja Mkuti na jingine Newala mjini ni leseni mbili. Ibandike mahali panapoonekana, na tarehe ya kuisha iandike kwenye kalenda ya nyumbani. Kwa familia zinazoishi kwa korosho ushauri ni rahisi: kama unaweza, anza biashara ili leseni ifike mwisho mwezi wa Novemba au Desemba, fedha ikiwa ipo. Leseni inayoisha Machi inamkuta mtu akiwa amebakiwa na mbegu na subira.

Mwenye meza, mwenye ungo, mwenye jiko

Si kila biashara ni ya fremu. Mama anayeuza ming'oko na mihogo ya kuchemsha, kijana mwenye meza ya mitumba, msichana anayekaanga maandazi alfajiri, hao wako kwenye utaratibu mwingine. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka. Baadaye utaratibu ulibadilishwa na kuletwa kitambulisho cha kidijitali kinachosajiliwa kupitia halmashauri.

Sh4 milioni kwa mwaka ni wastani wa karibu Sh11,000 za mauzo kwa siku, ukihesabu kila siku ya mwaka. Mauzo, siyo faida. Fanya hesabu hiyo na mwanao jioni moja kwa daftari. Ukiona umepita hapo, ujue unaelekea kwenye leseni, na ni heri ujiandae kuliko kushtukizwa.

Kitambulisho nacho hakikupi ruhusa ya kukaa juu ya mfereji. Mfereji ukizibwa na meza na maganda, maji yanapanda barabarani, yanachimba, na mwaka unaofuata tunarudi kulekule kwenye korongo. Sehemu hii hatuwezi kumtupia TARURA peke yake. Barabara nyingi za mjini hazifi kwa uzito wa magari. Zinakufa kwa maji yaliyokosa pa kupita.

Korosho yako ndani ya bajeti ya halmashauri

Leseni ni sehemu ndogo ya mapato ya halmashauri zetu. Fungu nono hutoka kwenye korosho. Ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3, na kisheria mnunuzi ndiye anayetozwa. Chukua mfano: kilo 1,000 zikiuzwa mnadani kwa Sh2,000 kila kilo, ni Sh2 milioni, na ushuru wake ni Sh60,000. Zidisha kwa magunia yote yanayotoka kwenye maghala ya wilaya hizi, utaelewa kwa nini mwaka wa korosho mbaya hata zahanati inaujua.

Katika mapato hayo ya ndani kuna fungu ambalo sheria inataka litengwe: asilimia 10 kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya matatizo ya usimamizi, ikarejeshwa Julai 2024. Iliporudi, halmashauri 10 nchini zilichaguliwa kuanza kuitoa kupitia benki, na Halmashauri ya Mji wa Newala ni mojawapo. Kwingine, Masasi ikiwamo, mlango ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Mlango wa kuanzia kwa wote ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kuna nafasi nyingine ambayo akina mama wengi hawaijui. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za Serikali zitenge asilimia 30 ya zabuni zake kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kufyeka pembezoni mwa barabara na kuzibua mifereji ni kazi ambayo TARURA huwapa vikundi vya wananchi. Kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki na kilichojiandikisha kwenye mfumo wa zabuni wa Serikali wa NeST, kinaweza kulipwa kusafisha mfereji uleule unaowasumbua wanachama wake. Muulize ofisa maendeleo ya jamii namna ya kuandikishwa.

Tuko ghalani, bajeti inapita

Hapa ndipo pana siri ya kwa nini mitaa mingine hutengenezewa na mingine hungoja. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Lakini bajeti ya Julai haiandikwi Juni. Vipaumbele huanza kukusanywa mitaani na vijijini mwishoni mwa mwaka, vinapanda kata, na mabaraza ya madiwani hupitisha mipango miezi ya mwanzo ya mwaka mpya. Bunge likikaa Aprili kujadili bajeti, karatasi za Masasi na Newala zimekwishafika Dodoma.

Tazama kalenda hiyo, kisha tazama ya korosho. Oktoba, Novemba, Desemba: ndiyo miezi ya kuokota, kubangua ya nyumbani, kupeleka ghalani, kusubiri mnada, kusubiri malipo, kwenda sokoni. Mkutano wa mtaa unaitishwa, watu kumi na wawili wanatokea, wanapitisha vipaumbele, wanasaini. Februari mvua imekata barabara, tunakusanyika mia mbili kwa hasira. Wakati huo fedha ya mwaka unaofuata imeshapangiwa mtaa ambao watu wake walihudhuria.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Mitaani nako mikutano ni haki yenu. Baraza la Madiwani hukutana kila robo ya mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Kwenye vikao vya halmashauri meneja wa TARURA hueleza kazi zilizofanyika na zilizokwama. Diwani anayejua watu wake wameketi nyuma ya ukumbi huuliza maswali tofauti na yule aliyekwenda peke yake.

Familia moja haiwezi kuhudhuria kila kikao. Lakini kaya tano za jirani zinaweza kupokezana. Mmoja aende mkutano wa mtaa Novemba, mwingine afuatilie Kamati ya Kata, mwingine apeleke barua TARURA. Kijana aliyepo nyumbani akisubiri matokeo au ajira mpe kazi ya picha na maandishi, naye atajifunza namna nchi yake inavyoendeshwa kuliko alivyofundishwa kwenye somo la uraia.

Kabla hujatoa fedha ya korosho

Katia nakala maswali haya, yabandike mlangoni mwa kabati:

1. Barabara inayopita mbele ya fremu au kibanda hiki ni ya TANROADS au ya TARURA?
2. Hifadhi yake ni mita ngapi, na nani amenipimia?
3. Mwenye fremu ana hati na kibali cha ujenzi?
4. TIN ninayo? Makadirio ya TRA nimeyaelewa?
5. Leseni yangu ni ya halmashauri ipi, ya mji au ya wilaya? Inaisha mwezi gani?
6. Namba ya malipo imetoka kwenye mfumo, na jina la mpokeaji ni la halmashauri?
7. Maji ya mvua yatapita wapi nikishaweka biashara yangu hapa?
8. Barabara yetu imo kwenye orodha ya TARURA? Iliombewa nini mwaka jana?
9. Mkutano wa mtaa ni lini, na safari hii anakwenda nani?

Swali la saba na la tisa hayana ada wala fomu. Ndiyo yanayorukwa na wengi.